Profesa na Nakala Iliyoonjwa

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikaa wiki tatu kwa fundi redio, akarudi nyumbani na jina la Profesa. Jina alijipa mwenyewe. Stoo yetu ikawa studio: magodoro ukutani, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi. Upande wa pili wa ukuta, mimi nabembeleza mtoto.

Mteja wake alikuwa mmoja tu, kwaya ya akina mama, na redio ilishaukataa wimbo wao mara mbili. Sauti imepita kiwango, walisema, inakwaruza. Ijumaa asubuhi mwalimu wa kwaya akaja, mkoba kwapani.

"Profesa, mwisho ni saa sita mchana. Wakikataa tena, tunahamia studio ya stendi."

"Mama, tulia. Hapa umefika."

Akautoa wimbo kwenye kompyuta, nakala kamili ya kupeleka redioni, akaupima. Taa ya kijani kwenye kioo: sauti haijapita kiwango. "Umeona? Safi!" Halafu akaifuta nakala ile, akatoa nyingine ya kutuma. Nilikuwa nampa mgeni maji, nikaona.

"Shemeji, mbona umeifuta?"

"Hiyo ilikuwa ya kupimia. Mteja hapewi kitu kilichoonjwa."

"Basi pima na hii."

"Wimbo ni uleule, sijagusa hata kitufe! Shemeji, haya mambo yana shule yake."

Akaupiga wimbo wa nakala hiyo mpya ili amringie mwalimu. Ubeti wa pili, taa nyekundu. Profesa akalaumu umeme. Akazima feni, akaenda kuzima na friji langu. Akatoa nakala nyingine: kijani. Akaifuta! Ya kutuma ikatoka nyekundu. Saa tano na nusu hiyo.

Mimi wimbo ule nimeusikia ukutani wiki nzima. Sauti ya mwimbaji kiongozi Profesa aliitia mtetemo wa kompyuta, na mtetemo wenyewe hauangukii mahali pamoja mara mbili. Ukipandia kwenye "amkeni", pale kwaya nzima inapopokea, sauti inazidi na mwanangu hushtuka. Ukipandia kwingine, analala.

"Shemeji," nikasema, "mimi ni wa darasa la saba tu. Kila ukiutoa, ule mtetemo unahama. Na maziwa ninayompa mtoto ni yaleyale niliyoyaonja. Simwagi nikachemsha mengine."

Mwalimu akacheka mpaka mkoba ukamdondoka. "Profesa, umesikia?"

"Hata mimi nilikuwa naelekea hukohuko."

Akatoa nakala: nyekundu. Akatoa tena: kijani. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kufuta. Mwalimu akamdaka mkono.

"Thubutu!"

Ikatumwa hiyohiyo, saa sita kasoro dakika kumi. Jumatatu redio ikaupiga wimbo. Mwanangu hakushtuka, na mwalimu akaja kuagiza wa pili.

Sasa mlangoni pa stoo pana karatasi: "Utafiti wa Profesa umethibitisha: tuma ulichopima." Chini ametia sahihi yake, kubwa kama ya daktari.

Friji langu alisahau kuliwasha. Maziwa yalichacha, nilijua kwa kuyaonja.