Kijiwe Nilichokificha Mezani kwa Bakwe

Ninaandika haya kwa sababu yanasimuliwa vibaya. Hapa Katindo, mtaani kwetu Goma, kuna watu wanaosema kwamba nilikamatwa nikiiba uji nyumbani kwa bakwe, yaani wakwe wa binti yangu, huko Ulaya, na wengine (waliosikia kwa mke wangu, ambaye ningetarajia kwake uangalifu zaidi) wanasema nilikuwa nimeingiza kichwa chote ndani ya chungu. Si kweli. Aibu niliipata, siikatai, tena ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Lakini mtu aliyeandika vizazi na vifo vya watu katika ofisi ya état-civil kwa miaka thelathini na mmoja hawezi kuacha aibu yake mwenyewe iandikwe na majirani.

Mwaka juzi binti yangu Furaha, ambaye ni muuguzi, alinitumia tiketi niende kusherehekea Noeli kwake. Ameolewa na kijana wa Norvège (Norwei) aitwaye Anders, aliyejifunza Kiswahili kwake, na wanaishi katika kijiji kilicho kaskazini kabisa, mahali ambapo mwezi wa kumi na mbili jua halichomozi hata kidogo, barabara inaishia ndani ya theluji, na duka moja ndilo posta na ndilo kituo cha mafuta. Mke wangu alibaki kuchunga nyumba (nyumba ya Goma haiachwi peke yake). Mimi nikaenda na suti yangu ya kijivu, kofia mbili, na uamuzi mmoja, kwamba bakwe, ambao hawakuwa wamewahi kuniona, wasione kwangu kosa lolote.

Ndani ya gari Furaha akanionya.

«Papa, nakuomba kitu kimoya tu. Maneno ya mama ya Anders, usiingiemo. Batoto yake banasema anaanza kusahau-sahau. Kari, dada ya Anders, anataka kumupeleka mu nyumba ya bazee, kule muji, masaa tatu mu mayi na bateau. Noeli hii ndiyo banamuangalia.»

«Wanamwangalia vipi?»

«Kama kichwa yake iko sawa.»

Nilikasirika papo hapo, na ninyi mnaonifahamu mnajua sababu. Mimi mwenyewe nilitolewa kazini kwa mtindo huo: faili moja ilipotea, mkuu mpya akasema muzee amesahau alipoiweka, nikapewa barua ya kwenda kupumzika, na baada ya miezi minne faili ikapatikana ndani ya droo ya mkuu mwenyewe. Hakuna aliyeifuta barua ile. Kwa hiyo nilipompa mkono Mama Ragna, mwanamke mdogo mwenye aproni nyeupe aliyenipokea kwa mikono yote miwili, nilijiapiza kimoyomoyo kwamba katika nyumba ile hatapatikana na kosa kwa sababu yangu.

Mkesha wa Noeli, saa saba na dakika kumi za mchana (nilitazama saa, kwa kuwa nje kulikuwa giza kama usiku), tuliketi mezani watu sita: Mama Ragna, Kari, Anders, Furaha, mjukuu wangu Neema mwenye miaka sita, na mimi. Katikati ya meza palikuwa na nguruwe mdogo wa sukari mwenye utepe mwekundu, nikadhani ni pambo. Mama Ragna akaleta uji mzito wa mchele uliopikwa kwa maziwa, akasema maneno mengi kwa lugha yao huku akicheka na kukionyesha chungu kwa kidole, kisha akanigeukia na kuniuliza jambo. Furaha alikuwa ameenda jikoni kutafuta kijiko cha mtoto, na Anders amemfuata. Nilipaswa kusubiri, au kukiri kwamba sikuelewa. Badala yake niliinamisha kichwa kwa heshima na kujibu «ja», ambalo ndilo neno pekee nililolijua, na hapo ndipo mkasa ulipozaliwa.

Kijiko cha tatu, jino langu la kushoto (limebaki peke yake upande huo) likagonga kitu kigumu.

Sasa, kwetu Rutshuru nilikozaliwa, mgeni akiuma jiwe kwa bakwe hatemi, hakunji uso, hapeleki hata kidole mdomoni, maana kulitoa jiwe ni kumwambia mama mwenye nyumba mbele ya watu kwamba hajui kuchagua mchele. Mama yetu alituchapa kwa ajili ya hilo. Na sisi tulioishi miaka mingi hapa Goma, juu ya mawe ya volkano, jiwe ndani ya maharagi si habari. Lakini huyu alikuwa mama anayechunguzwa! Nikajisemea: Kari asilione. Nikajifanya nakohoa, nikatoa kitambaa cha mfukoni, nikakifutia midomo, na kile kijiwe nikakifunga ndani yake na kukirudisha mfukoni kwa utulivu wa mtu wa serikali.

Kumbe nao walikuwa wanachambua uji wao kwa kijiko, polepole, wakitazamana midomo. Nikaogopa kwamba wameshtukia habari ya mawe, kwa hiyo nikaamua kumtetea mama kwa vitendo, nikala sahani ya pili, nikala ya tatu, nikitafuna kwa nguvu na kusifu kwa Kifaransa, mpaka Anders akaniambia: «Papa, pole pole, kuna nyama pia.» Chungu kikaisha. Watu wakaangaliana. Kari akaweka kijiko chini, akamuuliza mama yake swali fupi, na Mama Ragna, aliyekuwa akitabasamu tangu asubuhi, akaacha kutabasamu. Alinyanyuka, akafungua kabati, akatoa pakiti ndogo, akaanza kuhesabu vilivyomo kwa kidole, akakosea, akaanza upya.

«Kuna nini?» nikamuuliza Furaha.

«Ni desturi yabo, Papa. Mu uji banatiaka amande moya, mbegu ya lozi, mwenye kuipata anapewa ule nguruwe. Mama anasema aliitia. Kari anasema amesahau. Angalia, sasa mama mwenyewe hajue tena.»

Ndugu zangu, jasho la Goma lilinitoka kule kwenye barafu.

Mtu mnyofu angesimama palepale. Mimi nilikusanya sahani tatu na kile chungu nikasema nakwenda kusaidia kuosha (mke wangu aliposikia sehemu hii alikaa chini kwa kicheko, maana tangu anioe, kama anavyopenda kusema, hajaniona na sahani isiyo na chakula). Nia yangu ilikuwa kuirudisha amande chunguni, ionekane imeshikamana na ukingo. Nikainama, nikafungua kitambaa, lakini uji ulikuwa umekauka na amande imeganda, nikawa ninakikung'uta, ninakikung'uta, na nyuma yangu ikasikika sauti ya mjukuu wangu:

«Babu anapangusa chungu na kitambaa ya makamasi!»

Akalirudia kwa lugha yao, kwa sauti kubwa zaidi. Wote wakaja. Na wakati huohuo amande ikaachia, ikaruka, ikaangukia juu ya soksi ya Kari.

Kari aliiokota, akanitazama, akasema jambo ambalo Anders hakutaka kunitafsiria hadi nilipomwamuru.

«Anasema umeichukua ndani ya pakiti, Papa, ili umwokoe mama. Anashukuru, lakini anasema basi imethibitika.»

Imethibitika! Neno lilelile lililokuwa katika barua yangu. Ndipo hofu ikaniisha. Nikafunga vifungo vya koti, nikasimama wima katikati ya jikoni, nikamwambia Furaha atafsiri.

«Amande hii ilikuwa ndani ya uji. Ilikuwa katika sahani yangu, kijiko cha tatu. Nilidhani ni jiwe.»

«Papa,» akanong'ona, «niseme na hiyo ya jiwe? Mbele ya mama?»

«Sema yote, neno kwa neno. Sema nilidhani mchele haukuchaguliwa, na nikaficha.»

Akasema. Kari hakuonekana kusadiki. Basi nikamwonyesha alama ya jino iliyokuwa kwenye amande, kisha (hapa ndipo aibu yenyewe ilipo, si kwenye chungu) nikafungua kinywa changu wazi mbele ya bakwe, mimi niliyekuja na suti ili wasione kasoro, nikawaonyesha kwa kidole jino langu la pekee la kushoto na pengo lililolizunguka.

Mama Ragna alivaa miwani. Akachukua amande, akachungulia kinywani mwangu kama daktari, akatazama amande, akatazama jino. Kisha akamgeukia binti yake, akasema neno moja tu, na Kari akainamisha macho.

«Sasa mama anakuuliza,» Furaha akasema, «kwetu, mutu akiuma jiwe, kweli ananyamaza?»

«Ananyamaza, mama.»

Mama Ragna akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Akasema marehemu mume wake alikula samaki aliompikia, wenye chumvi kali, maisha yote bila kulalamika, na kwamba marehemu na mimi tungeelewana sana. Akanipa nguruwe.

Sikuridhika. Maneno yanapeperuka. Nikaomba karatasi, nikaandika procès-verbal kwa Kifaransa, yenye saa, mahali, majina ya waliohudhuria, na tamko kwamba amande iliwekwa na mwenye nyumba kama kila mwaka na ilifichwa na mgeni. Tulisaini wote, Neema akachora nyota, Kari akasaini wa mwisho. Mama Ragna aliibandika kwenye mlango wa friji, juu kabisa ya fomu ya ile nyumba ya wazee. Furaha ananiambia hadi leo karatasi iko pale, na mama yupo nyumbani kwake.

Nami niliweka nadhiri: nikiuma kitu kigumu popote duniani, nitakitoa na kukitangaza. Mwezi uliopita, kwenye arusi kule Kiwanja, jino likagonga kitu ndani ya wali. Nikasimama, nikaomba watu wanyamaze, nikakiinua juu ili wote waone.

Lilikuwa jiwe. Mama mwenye nyumba hajanisalimu tena, lakini nadhiri yangu haijabadilika.