Bastola ya Sabuni

Krr, krr, krr. Kisu cha jikoni kikikwangua mche wa sabuni uliokauka. Mpaka leo nikisikia sauti kama hiyo, hata ikiwa ni mtu anaparuza ukoko wa sufuria tu, nageuka. Juma lililopita nilikuwa naanika mashuka hapa Riyadh, simu ikaingia ujumbe wa sauti kutoka Jeddah: "Dada yako, halas. Amezikwa leo baada ya adhuhuri." Aliyesema ni askari wa bosi wangu wa zamani, na aliyezikwa ni mwanamke wa Garissa niliyewahi kufanya naye kazi katika nyumba ya bosi huyo, hapa Riyadh. Moyo wake ulisimama akiwa ameketi kwenye cherehani, katika kijichumba chake cha ushonaji, mtaa wa Al-Baghdadiyah kule Jeddah. Hakuwa rafiki yangu. Ninyi mnaosoma safu hii mmezoea niwachekeshe kwa ndoto zangu za duka la nguo, duka ambalo hata rangi ya mlango nimeshachagua, bado duka lenyewe tu. Leo nivumilieni. Nataka kuwaeleza juu ya mtu niliyemwonea wivu kuliko binadamu yeyote, na bado namwonea. Kikundi chetu cha simu kilipojaa sauti za wanawake wanaomlilia, wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa hili: mimi nikifa, watalia hivi?

Nilimtangulia katika nyumba ile kwa miaka miwili. Nilifua, nilipiga pasi, na kila nikipita kwenye chumba cha juu nilichungulia cherehani ya madam iliyofunikwa shuka. Nilikuwa na daftari la magauni niliyoyachora mwenyewe. Shule yangu iliishia darasa la nane, lakini mkono haukuishia hapo, au ndivyo nilivyojiambia. Kisha akaja yeye, mtu mzima, mjane wa askari kanzu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye joto la Garissa. Juma la kwanza akarekebisha mapazia ya sebule bila kuambiwa. Juma la pili madam akawa anaita jina lake kutoka ngazini, na langu likabaki la kuletea ndoo. Halafu madam akatangaza: familia inahamia Jeddah kwa kiangazi, kuna harusi ya binti, na mmoja wetu ataenda kukaa kwenye cherehani ashone. Mwingine abaki Riyadh na bibi mzee, mama yake madam, asugue sakafu. "Nitaangalia nani ana akili ya nguo," alisema. Wanawake wawili, mlango mmoja. Sikulala vizuri tena.

Wakati huohuo askari wa bosi alikuwa na shida zake. Ni mwenyeji, ana kibali cha silaha, na kazi yake ilikuwa kuongozana na mama mzazi wa bosi kila aendako. Majira ya baridi alivaa koti juu ya kanzu, bastola ikajificha humo raha mustarehe. Joto lilipoanza, koti likavuliwa, na ile kanzu nyeupe nyembamba ikasema kila kitu. Chuma kikubwa kilimchomoza ubavuni kama mtu aliyeiba kiatu. Jasho lilimtoa vipele, akawa anajikuna mbele ya wageni. Madam akamfokea: "Kule Jeddah kanzu inashika mwilini kama ngozi. Tafuta nyingine ndogo, nisiione, na usijikune! Ama utabaki kukaa nje getini." Muuzaji wa silaha akamwonyesha tatu, lakini kumwazima ajaribu kwa siku nzima, mafi, hakuna. Basi jamaa akachora umbo la kila moja kwenye kadibodi, akaandika unene na uzito, akatuletea jikoni.

"Dada, nichukue ipi?" Alimwuliza yeye, si mimi niliyempigia pasi kanzu zake miaka miwili.

"Kumbe hata silaha wazijua?" nikamchokoza.

"Silaha siijui, mdogo wangu. Najua nguo."

Ndipo ikaanza ile krr, krr. Alichukua miche ya sabuni ya kufulia, akachonga bastola tatu kufuata zile kadibodi. Kwa kuwa sabuni ni nyepesi kuliko chuma, alizitoboa akazijaza nati kutoka kwenye mkebe wa fundi wa nyumba, akipima kwenye mizani ya unga mpaka uzito ukalingana. Akazifunga nailoni zisiyeyuke kwa jasho. Akashona ukanda mpana wa pamba, kwa sababu lastiki ya suruali ya ndani hulegea ikibebeshwa mzigo, na kitambaa kinene cha kukaa kati ya chuma na ngozi. Akaufungua mfuko wa ubavuni wa kanzu ili mkono upite mpaka ndani. "Mtutu haumsumbui mtu," alimwambia askari, akimgonga nyonga kwa mwiko, "mtutu hulala na paja. Msaliti ni mpini. Ukiinama, mpini ndio unaosukuma nguo. Sasa vaa moja kila siku. Keti garini, sujudu, panda ngazi, kula ushibe. Ile utakayoisahau kama umeivaa, nenda kainunue."

Siku ya kwanza alivaa ile kubwa. Mkononi ilimtosha vizuri, lakini kufikia alasiri alitembea ameinama upande mmoja kama mchota maji wa ndoo moja. Siku ya pili ilikuwa zamu ya ile ndogo kabisa. Mimi nilikuwa nimeshashabikia: "Ndogo si ndiyo hiyo, mnahangaika nini?" Kweli haikuonekana. Ila ilikuwa nene kama kipande cha mkate, ikamchimba nyama, na alipoishika kidole chake cha mwisho kilining'inia hewani. "Sasa hiki kitakuwa kinapunga upepo?" akauliza, tukacheka sote. Iliyobaki ilikuwa ya kati, nyembamba, mpini mfupi, kona zimelainishwa. Yule mwanamke aliiweka mwisho makusudi. Nikaiangalia juu ya kabati la jikoni, nikajua. Ni hiyo. Kesho itavaliwa, madam atapiga makofi, na cherehani imeenda.

Asubuhi sabuni ile haikuwepo. Ilikuwa kabatini mwangu, chini ya daftari la magauni.

"Labda kuna aliyeifulia," nilisema, sauti nyembamba kama uzi. Askari alikuwa amesimama mlangoni anasubiri, na madam anaita kutoka juu kama mambo yako tayari. Yule mwanamke akanitazama, si kwa hasira, kama anayetazama pindo. Kisha akapaza sauti: "Madam, samahani, nimeipoteza mimi! Nipe saa moja." Akatoa mche mwingine. Krr, krr, krr. Nilisimama pale nikiosha kikombe kilekile. Kufikia mchana askari alikuwa amempeleka mama wa bosi kwa dada yake, amekwenda ghala la bosi kule Al-Sulay, ameswali, amekula wali wa kabsa sahani nzima. Akaingia jikoni anahema. "Dada, nisamehe, nimechanganyikiwa na kazi. Ile sabuni nimesahau kuivaa. Iko wapi?" Yule mwanamke akamnyooshea kidole kiunoni. Jamaa akajipapasa, akapiga ukelele, na madam aliyekuwa ngazini akacheka mpaka akakaa chini.

Akaenda Jeddah yeye. Siku ya kufunga mizigo nilimsaidia kubeba sanduku, nikijifanya mchangamfu. Akanishika mkono. "Marehemu mume wangu aliniambia, mwenye bastola humtambui kwa nguo. Unamtambua kwa mkono. Hujigusagusa pale alipoificha, aone kama ingalipo. Wewe siku ile uligusa mlango wa kabati lako mara ngapi, mdogo wangu?" Nikaliinua sanduku nikalitia garini. "Yalla, baki salama," akasema, akaingia garini. Hakumwambia madam wala mtu mwingine. Baada ya harusi alipata mwajiri mwingine, kafili tunavyomwita huku, mwenye kazi ya ushonaji, na kila Idi alinitumia picha za mishono: namna ya kukata kwapa, namna ya kuficha zipu. Niliziangalia zote. Nilijibu "asante dada" na kikaragosi cha kucheka. Neno moja lililokuwa linadaiwa sikuliandika. Nilijiambia nitamwambia ana kwa ana, nikipata likizo nishuke Jeddah.

Siku hizi naona watu wanauziana simuni mikoba ya bastola iliyoshonwa viwandani, ya kila umbo, ya joto na ya baridi. Hakuna atakayeuliza tena mjakazi wa Garissa. Lakini nadhani swali lake lingali palepale, na si la askari peke yao. Sisi tuliokuja huku sote tumebeba kitu chini ya abaya. Mwingine deni la nyumbani, mwingine mtoto aliyemwacha akinyonya. Mizigo hiyo huwa mizito lakini imenyooka, unajifunza namna ya kukaa nayo. Wivu ni ile ndogo nene. Haionekani kabisa, ukiitazama unasema hii ndiyo rahisi, kumbe ndiyo inayochimba nyama. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nikawa nahangaika kukitafuta katika nguo za mwenzangu. Yeye alichukua kosa langu akalivaa mbele ya madam kwa saa moja, akalivua, akaendelea na kazi. Mimi nililibeba mpaka akazikwa. Kama kuna mtu unamdai au anakudai neno, mwandikie leo, na liwe fupi. Likizo yangu imepangwa mwezi ujao.

Jana mchana, wenye nyumba wamelala, nilijifungia chumba cha kufulia nikaitoa ile sabuni. Nimehama nayo nyumba mbili. Niliifunga kiunoni kwa mtandio, nikavaa gauni la kazi juu yake, nikasimama kwenye kioo cha mlango wa mashine. Haikuonekana hata kidogo. Hata mwilini mwangu alikuwa amepatia. Ila mkono wangu wa kulia, sijui uliendaje, ulikuwa umeshafika pale. Nikaitoa, nikachana nailoni, nikafulia gauni langu lote kuanzia kola, taratibu, mpaka nati zikaanza kugonga beseni moja baada ya nyingine. Nikazisuuza, nikazipangusa, nikazitia kwenye bahasha nikaandika anwani ya nyumba ile ya zamani, na chini yake: za mkebe wa fundi, nilizichukua mimi.