Umbo Tupu Ukutani kwa Baba

Dira ya kwanza ilidanganya. Tukaweka ya pili, nayo ikadanganya vilevile.

Ya tatu ilikuwa mpya. Nje ya ndege ilionyesha kaskazini sawasawa. Ukiifunga mbele ya kiti cha rubani, sindano inageuka taratibu kuelekea mlimani.

Mlima uleule uliomuua Halvard.

"Oddvar, kaka, marehemu bado anaendesha," mwenzangu Sverre akanitania. Alicheka peke yake.

Mwaka 1957 Halvard Myklebust alikuwa amebeba barua kwa ndege hii. Ukungu ukashuka, akapotea, akaangukia kwenye theluji kule juu. Ndege ilivunjika bawa tu. Yeye baridi ilimmaliza.

Kijijini wakasema alikuwa amelewa.

Binti yake, Ingebjørg, alikua akiitwa mtoto wa mlevi. Sasa ni bibi wa miaka sabini na mbili, na Jumamosi alikuwa anakuja kuiona ndege ya baba yake ikiruka tena.

Kazi yetu ya kufufua ndege za zamani ina sheria moja: kisichooza hakibadilishwi. Miaka sita tulirudisha kila kitu kilivyokuwa. Sakafu ya mbele tuliikuta nzima, tukaipangusa tu.

Ijumaa asubuhi nilisali, kisha nikaing'oa.

Chini yake ililala bisibisi ndefu yenye kutu. Chuma kikikaa karibu na dira huvuta sindano, fundi yeyote anajua. Kwenye mpini wa mbao zilichongwa herufi mbili: T.H.

Nikazisoma mara mbili.

Torleif Haugland. Baba yangu mzazi.

Aliacha ufundi wa ndege mwaka huohuo wa 1957, hakusema kwa nini. Katika banda lake kuna ubao wa zana, kila chombo kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe ili jioni ujue kilichopotea. Umbo moja lilikuwa tupu tangu nipate akili. Siku niliyotundika nyundo pale, alinizaba kofi. Hakuwahi kunipiga tena.

Kila jioni alilipapasa kabla ya kufunga mlango.

Nilikwenda bandani na ile bisibisi. Ikakaa kwenye umbo lile kama mguu kwenye kiatu chake.

Kumbe alijua. Watu wakimtukana Halvard, baba alijua, akanyamaza mpaka kaburini.

Sverre akanishauri niitupe ziwani, eti wafu hawana kesi. Kiukweli, nilishawishika. Lakini Ingebjørg yu hai.

Jumamosi nilimwekea bisibisi mikononi, mbele ya watu wote.

"Dada Ingebjørg, baba yako hakulewa. Baba yangu aliisahau hii ndani, ikapotosha dira."

Alipitisha kidole juu ya zile herufi mbili.

"Huyo baba yako," akauliza, "alikuwa anapata usingizi?"

"Hapana, dada. Tulimsikia akitembea."

"Basi kule mlimani walibaki wawili." Akanirudishia. "Nenda kaitundike."

Nimeitundika.

Ndugu unayesoma, kama kuna mtu anabeba aibu isiyo yake na wewe unajua, sema leo. Mungu alimsubiri baba yangu kila jioni pale ukutani. Yeye akapapasa tu, akafunga mlango.