Motoka ya Mukate

Hapana, yaya Célestin, minye nakatala. Unasema mbele ya bantu ati hatukukuwaka na camping-car, ilikuwa tu kamionete ya kuoza? Camping-car ni nini basi? Ni motoka yenye munalala ndani, munapika pembeni, asubui munaamukia fasi ingine. Hatukulalaka ndani? Hatukupikaka? Weye mwenyewe hukukojolea matela ya Mama kule Kapolowe? Basi.

Bengine munisikilize, juu huyu mukubwa wangu anajua yote na anajifanya amesahau. Niko na miaka makumi mbili na nane tu, lakini nasema "wakati yetu" sawa muzee. Municheke. Wakati yetu, hapa Shituru ya Likasi, Papa alikuwa mekanisiye ku uzine, kiwanda ya shaba. Boulangerie moja ya karibu ilifunga, yeye akanunua kamionete yao ya kupelekea mukate. Akatia matela ya kulalia, sanduku ya sahani, mbabula ya kupikia na mufuko ya makala. Mama akashona rido za kitenge, mapazia ya madirisha. Pembeni kulibakia neno moja ya rangi nyekundu, kubwa sana: MUKATE. Na jua ikipiga ile bati, harufu ya mukate ya zamani ilikuwa inatoka mpaka mu matela. Unalala umeshiba bukari, ugali yetu, unaamuka na njaa.

Vakansi ya masomo ikifika, wakati ya baridi, tunatoka. Papa hakupendaka njia kubwa ya Lubumbashi. Malori ilikuwa inamufanya atukane, na yeye ni mutu wa misa. Tulikuwa tunapita njia za nyuma, bulongo nyekundu mpaka mu meno, bichuguu kubwa kuliko nyumba yetu, moshi ya pori yenye inaungua. Tukifika mu mugini, Papa hazimi motere mbele ya kupata ruhusa. Anatoa kofia, anaenda kwa shefu ya mugini na chumvi na sabuni, analomba fasi ya kulala. "Hatulale kwa bantu sawa bezi," alikuwaka anasema. Kisha tunapaki ku misioni ao pembeni ya ziwa Tshangalele, Mama anakaanga samaki yenye ilikuwa inaruka asubui, na shiye tunakula na mukono, na muchanga kidogo ndani, muzuri sana.

Lakini safari ya kwanza ilitutia haya. Tulikuwa hatuyafika bado Kapolowe, batoto bakaona ile neno. Bakakimbia nyuma yetu, pori yote inaita: "Mukate! Mukate!" Papa akasimama. Akafungua mulango. Ndani: shiye, matela, mbabula. Kabinti kamoja, tumbo inje, kakatuangalia moja moja, kakamwambia Célestin: "Muko ba bongo, bantu ba uongo."

Célestin, miaka kumi, alilia mpaka misioni. "Papa, tupake rangi! Tufute ile neno!" Papa alikuwa anafunga buloni ya gurudumu, hakuinua hata kichwa. "Hatufute. Inasema mukate, basi itakuwa na mukate."

Tangu siku ile, mbele ya kutoka Likasi, tunapita ku boulangerie ingine. Mufuko mukubwa wa mukate unalala ku matela, shiye tunalala chini. Tulinungunika, ndiyo! Na Célestin ndiye alikuwaka mugawaji, na kofia ya Papa inamufunika macho, anakemea batoto: "Mupange mulongo! Weye, umeisha kupata, nilikuona!" Kale kabinti kalipata ya kwanza. Kakainusa, kakamwambia: "Haya, leo hauko mutu wa bongo." Célestin alicheka mpaka akaanguka ku gurudumu.

Bana ba leo, uwaulize Dubai, banakuonyesha mu telefone hata mulango ya hoteli. Uwaulize Kapolowe iko upande gani, banatafuta rezo ya telefone kwanza. Shiye tulijua njia kwa kichwa: kichuguu yenye kufanana na askofu, kisha daraja yenye Mama anafungaka macho.

Papa alituacha, tukamuzika. Motere iliisha. Motoka iko mu parselle, kiwanja ya nyumba yetu, kuku banazalia ndani, rido zimekuwa rangi ya bulongo. Sasa Célestin ameleta mutu wa kununua byuma bya kuzeeka. Alikuja jana, siku ya posho, akaipiga teke sawa ngombe ya soko. "Hii nitaikata, nitaipima." Minye nikasimama ku mulango, nikamutukana, Mungu anisamehe. Célestin anasema: "Dogo, ni byuma tu."

Na saa ile ile mutoto wa majirani akapita ku njia, na mufuko wake wa masomo. Akasoma ile neno polepole, sawa vile banamufundisha. Akauliza: "Mukate iko?"

Célestin akazunguka motoka mara moja, akaingia mu nyumba. Wa byuma akasema atarudi kazi moja, ni kusema jumatatu, asubui, na shalumo yake ya moto ya kukatia.

Leo, kisha misa, nimepita ku boulangerie. Nimefukuza kuku, nimeweka mufuko wa mukate ku matela. Kesho, kazi moja, nitakuwa ndani na mukate, asiikate. Hapa Likasi tunapima kila kitu na kilo: mawe ya malakiti, kobalti, hata reli. Weye mwenye unacheka, niambie: kwenu kulibakia nini yenye hamuyauzisha bado?