Ng'ombe waliokuja kulala darasani

Leo nimeshindwa na ng'ombe, jamani.

Mimi ni afisa ardhi, natafutaga maeneo ya shule huku Butiama. Kuna mzee alishatupisha, akahamia ng'ambo ya barabara. Kesho mafundi wanachimba msingi.

Jioni nipo nakagua vigingi vya mpaka, ng'ombe wake wakarudi toka malishoni, yeye nyuma yao. Wakalipita zizi jipya kama hawalioni, wakaja kulala palipokuwa zizi la zamani.

Yaani pale litakapojengwa darasa la kwanza.

Nikamwambia, "Mzee, watoe basi."

Akaniangalia. "Afisa, mimi uliniita kwenye vikao. Hawa uliwaita lini?"

Nikajifanya nahesabu vigingi. Ningejibu nini?

Mke wake akaja toka ng'ambo. Akaokota samadi kavu pale pale walipolala, akavuka barabara, akaiwasha kwenye zizi jipya. Moshi ukapanda. Akasimama pembeni yake.

Ng'ombe mmoja mweusi akanyanyuka. Halafu wote, wakavuka.

Wafugaji mniambie: wamefuata moshi, au wamemfuata mama?

Mzee nilimuuliza. Alikuwa tayari anavuka barabara.

"Sijui," akasema. "Hata mimi nilikuwa nausubiri huo moshi."