Watalii Wameanguka Bertrams, Wenye Hatari Eti Ni Sisi

Jamani, leo watalii wametushukia bila kupiga hodi.

Nilikuwa namsuka mteja mlangoni pa saluni, hapa Bertrams, mtaa wetu wenye wakimbizi wengi. Helikopta mbili za kutembeza watalii zikagongana juu yetu. Paa! Moja ikayumba, ikaenda kutua mbali. Nyingine ikaja inazunguka, ikalala ubavu kwenye kiwanja cha mpira.

Tukakimbilia huko. Mafuta yananuka kila mahali.

Jirani yangu Mama Espérance, fundi cherehani, akavunja kioo cha helikopta kwa pasi yake. Tukamtoa rubani, mguu umevunjika. Tukamtoa na bibi mmoja mtalii, damu inamtiririka usoni. Mama Espérance akachana kitenge cha mteja, akamfunga kichwa.

Bibi akakumbatia mkoba wake, akatutazama mmoja mmoja.

"Mtaa huu ni salama kweli?"

Eish! Nikamwambia, "Bibi, sisi huku chini hatujagongana na mtu."

Polisi wakafika. Afisa akampita rubani anayelia, akaenda moja kwa moja kwa Mama Espérance, mikono yake bado ina damu.

"Wewe, makaratasi yako ya ukimbizi yako wapi?"

"Yako nyumbani, baba. Sikujua leo nitaokoa watu."

Wakampakia kwenye gari!

Hapo bibi akagoma kupanda ambulensi. "Mshusheni kwanza huyo mama!"

Wakamshusha haraka, eti walikuwa wanampa lifti.

Lifti ya kwenda wapi, ndugu zangu? Semeni tucheke, maana mimi nikinyamaza nitalia.