Kanzu Juu ya Paa la Ghala

Jamani, hadi leo sijielewi. Mimi ni mlinzi wa ghala la samaki hapa Malindi, na mitambo yake ya baridi yaendeshwa kwa sola. Kila Ijumaa asubuhi umeme ulififia, samaki wakaanza kunuka.

"Haya ni majini, tajiri," nikamwambia mwenye ghala, nikafukiza ubani mpaka macho yakatuwasha.

Ijumaa iliyopita akaleta fundi. Fundi akapanda paani, akapaza sauti: "Nani ameanika kanzu na mashuka juu ya sola?"

Vioo vile hukausha nguo upesi, nami nilidhani sola yala joto, si mwanga!

Tajiri akatukagua. Wenzangu wote walishavaa kanzu za msikitini. Mimi nilikuwa kifua wazi, nimejifunga kikoi.